Sumaku Ivute, Springi Isukume

Tunaanza na ujumbe wa sauti uliotufikia kutoka kwa msikilizaji wa Morogoro ambaye ameomba jina lake lisitajwe hewani. Bwana huyu ametengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa mikono yake mwenyewe: boksi la mbao, balbu za kutoa joto, feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, na bakuli la maji la kutunza unyevu. Mpaka hapo, kazi safi. Kinachomsumbua ni kugeuza mayai.

Mfugaji yeyote anajua kwamba yai likiachwa limelala upande mmoja siku nyingi, kiini hunata kwenye utando wa ganda na kifaranga hufia humo humo. Kuku mwenyewe akiatamia huligeuza kwa mdomo na miguu, usiku na mchana. Kwenye mashine, trei nzima huinamishwa kushoto, halafu kulia, nyuzi 45 hivi kila upande, na kazi hiyo huendelea mpaka siku ya 18. Siku tatu za mwisho mayai huachwa yatulie.

Sasa msikilizaji wetu hakutaka kununua mota yenye gia. Alikuwa na sumaku ya umeme aliyoitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, akaiunganisha na betri, akakata gurudumu la meno 24, akaweka ulimi wa chuma, na sumaku ikawa inausukuma ulimi ili gurudumu liende jino moja kila baada ya muda. Kwenye gurudumu kuna mkono unaoinua na kuteremsha trei. Wazo zuri sana, na nitaeleza kwa nini. Ila analalamika hivi: mara gurudumu linaruka meno mawili, mara haliendi kabisa, na koili inachemka mpaka plastiki inanuka. Anauliza: niongeze mizunguko ya waya kwenye koili?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo mazungumzo ya leo.

Kwanza racheti yenyewe, yaani hilo gurudumu la meno na ulimi wake, kwa wale ambao hawajawahi kuiangalia kwa makini. Friwili ya baiskeli ni racheti: ukikanyaga pedali, tairi la nyuma linazunguka, ukiacha kukanyaga, tairi linaendelea na unasikia ule mlio wa kre-kre-kre. Mlio huo ni ndimi ndogo za chuma zikipanda na kuangukia meno. Vile vibano vya kukazia mikanda ya mizigo kwenye malori ni racheti. Spana ya racheti kila gereji inayo. Meno ya racheti ya kawaida hayana pande mbili sawa: upande mmoja umelala, upande wa pili umesimama wima. Ulimi hupanda ule uliolala bila shida, lakini ukikutana na uliosimama, unakwama. Kwa hiyo gurudumu lina ruhusa ya kwenda upande mmoja tu.

Racheti inayoendeshwa hatua kwa hatua ina ndimi mbili. Wa kwanza unasukuma. Wa pili umekaa tu pembeni, kazi yake ni kuzuia gurudumu lisirudi nyuma wakati ule wa kwanza unarudi kuchukua jino jingine. Wengi husahau huu wa pili, kisha wanalaumu sumaku.

Tuje kwenye sumaku sasa, kwa sababu hapa ndipo penye siri. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon aliwaonyesha watu kipande cha chuma kilichopindwa, kimepakwa vanishi, kimezungushiwa waya usio na kitu juu yake. Ukipitisha umeme, kinakuwa sumaku; ukikata, kinakufa. Miaka michache baadaye, kule Albany, Marekani, mwalimu aitwaye Joseph Henry aliuvika waya wake hariri ili aweze kuupanga tabaka juu ya tabaka bila umeme kuvuja kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Mwaka 1831 alitandaza waya wa zaidi ya maili moja kuzunguka ukumbi wa darasa, na mwisho wa waya huo sumaku yake ikafanya kipande cha chuma kigonge kengele. Tangu siku hiyo, kila anayetaka kusogeza kitu kidogo kilicho mbali amemkimbilia Henry: watu wa telegrafu, wa simu, wa reli, wa saa.

Lakini sumaku ya umeme ina tabia moja mbaya. Mvuto wake hauko sawa njia nzima. Chuma kikiwa mbali, mvuto ni hafifu. Kikikaribia, unapanda kwa kasi ya kutisha. Kwa sumaku ya kawaida inayovuta kipande bapa cha chuma, pengo likipungua nusu, nguvu hupanda karibu mara nne. Pengo la milimita 4 likifika milimita 1, nguvu imeshazidishwa mara 16 hivi, mpaka chuma kishibe. Maana yake ni nini kwa mtu wa Morogoro? Mwanzoni mwa safari, wakati gurudumu limetulia na trei yenye mayai inahitaji kusukumwa kweli kweli, sumaku yake haina nguvu. Mwishoni, wakati gurudumu tayari linakwenda na halihitaji msaada, sumaku inalipiga teke. Siku betri imeshuka, inashindwa kuanza, na jino haliendi. Siku betri imejaa, lile teke la mwisho linalirusha gurudumu mpaka jino la pili. Zile hitilafu mbili alizozitaja, ya kuruka na ya kugoma, zina mzizi mmoja.

Dawa yake ina zaidi ya miaka mia moja, na mimi nashangaa kila nikiona watu wanaotengeneza vitu nyumbani wakiipita bila kuiona. Geuza kazi. Sumaku isisukume gurudumu hata kidogo. Iachie kazi moja tu: kuuvuta ulimi nyuma, juu ya jino lililolala, na wakati huo huo kuikaza springi. Umeme ukikatwa, springi ndiyo inayousukuma ulimi mbele na kulipeleka gurudumu jino moja. Ni kama upinde na mshale: mkono unavuta, lakini kinachorusha mshale ni upinde. Uvute kwa pupa au kwa utulivu, almuradi umefika mwisho, mshale utatoka vile vile.

Hapo umepata faida kubwa. Sumaku, pamoja na pupa yake, haigusi mzigo. Ikivuta kwa kishindo, inagonga kizuizi na basi. Gurudumu wakati huo limetulia, limeshikwa na ule ulimi wa pili. Na springi, wasikilizaji, ni kitu cha kuaminika. Springi uliyoichagua leo ina nguvu ile ile kesho, iwe betri ina volti 12 na nusu au 11 na nusu. Hatua ya gurudumu haitegemei tena hali ya umeme wako.

Nani aliwaza hivi? Wengi, lakini niwape mfano ninaoupenda. Mwaka 1895, huko Uingereza, Frank Hope-Jones na mwenzake George Bowell walisajili ubunifu wa saa ya umeme uliokuja kujulikana kwa jina la Synchronome. Ilikuwa saa mama moja inayoongoza saa nyingi za ukutani katika jengo zima: shule, kiwanda, ofisi. Ndani ya saa mama, katika umbo lake lililoenea, kuna pendulamu ndefu inayochukua sekunde 2 kwenda na kurudi. Kila inapokwenda na kurudi, kindoana chembamba huvuta jino moja la gurudumu lenye meno 15. Hesabu mwenyewe: meno 15 mara sekunde 2, ni nusu dakika. Gurudumu likimaliza mzunguko, kijiti kilichopo juu yake kinafungua kitasa kidogo, na mkono wenye uzito unaangukia pendulamu na kuisukuma kidogo, polepole, isije ikasimama. Mkono huo ukifika chini unagusa kipande kingine cha chuma. Kugusa huko ndiko kunakofunga njia ya umeme. Sumaku inaamka, inaurusha mkono juu kwenye kitasa chake, na kwa kuurusha njia ya umeme inakatika yenyewe.

Angalia sumaku imefanya nini pale. Haikuisukuma pendulamu. Imeurudisha uzito juu tu. Pendulamu imesukumwa na uzito unaoanguka, na uzito ule ule ukianguka kutoka urefu ule ule hutoa msukumo ule ule, kila nusu dakika, mwaka mzima.

Umeme huo huo wa saa mama ulipita kwenye saa zote za ukutani, zikiwa zimeunganishwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja. Kila saa ya ukutani ilikuwa na sumaku yake na gurudumu la meno 120. Umeme ukija, sumaku inauvuta ulimi nyuma. Umeme ukiondoka, springi inalisogeza gurudumu jino moja, na mshale wa dakika unaruka nusu dakika. Meno 120, saa moja kamili. Hakuna mota humo, hakuna springi ya kujazwa kwa ufunguo kila wiki.

Kuna jambo jingine katika saa ile ambalo huwa linanifurahisha. Betri ilipoanza kuchoka, sumaku ilichelewa kuurusha ule mkono, kwa hiyo umeme ulikaa muda mrefu zaidi kwenye waya, na aliyeizoea saa hiyo aliona na kusikia kwamba mwendo wa sumaku umekuwa mzito. Saa ilijitangazia njaa kabla haijasimama. Vifaa vingapi tulivyonavyo leo vinafanya hivyo? Simu yangu huzima kwa aibu ikiwa bado inadai ina asilimia 9.

Mhandisi wa reli, William Shortt, aliutumia utaratibu huo huo wa uzito unaoanguka kutengeneza saa iliyowekwa mwaka 1921 kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Edinburgh, na usahihi wake ulikuwa wa takriban sekunde moja kwa mwaka. Na sisi watu wa redio tuna deni la heshima kwa saa za pendulamu zenye vigusio vya umeme: zile “pips” sita za BBC, milio mifupi ya kutangaza saa, zilizoanza kusikika tarehe 5 Februari 1924, ambazo wazee wetu walizitumia kurekebishia saa zao za mkononi, mwanzoni zilitoka kwenye saa mbili za pendulamu za Greenwich.

Sasa atatokea mjuzi mmoja aniambie: wewe, mbona mitambo ya simu ilisukuma moja kwa moja na ikafanya kazi miaka mingi? Ni kweli, na tusimfiche. Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, alipata hataza ya swichi ya simu ya kujiendesha mwaka 1891, na tarehe 3 Novemba 1892 mtambo wa kwanza ukafunguliwa La Porte, Indiana. Mnaokumbuka simu ya kuzungusha namba kwa kidole mtakumbuka mlio wake ikirudi. Kila kidata cha mlio huo kilikuwa ni umeme kukatika mara moja, mara 10 kwa sekunde, na kule kwenye mtambo sumaku ilipandisha nguzo yenye meno ngazi moja kwa kila kidata. Ukipiga 7, nguzo inapanda ngazi 7. Halafu sumaku nyingine inaizungusha nguzo hiyo kwa namba inayofuata. Ngazi 10, nafasi 10 kila ngazi, laini 100.

Sumaku hizo zilisukuma moja kwa moja, naam. Lakini zilikuwa na volti 50 nyuma yake, springi zilizopimwa kwa mizani na fundi mwenye ajira ya kudumu, na juu ya yote kizuizi imara kinachoubana ulimi kwenye jino mwisho wa safari ili nguzo isiweze kuteleza hata ingetaka. Kwenye mitambo hiyo hiyo, zile swichi ndogo za mzunguko mmoja mara nyingi zilifuata njia ya springi: sumaku inavuta, springi inasogeza. Kwa hiyo mwenye karakana ya nyuma ya nyumba, asiye na volti 50 wala fundi wa kudumu, amfuate nani? Mimi nasema amfuate mtu wa saa.

Haya, lile swali la kuongeza mizunguko. Hili linawapoteza hata waliosoma. Nguvu ya sumaku hutokana na ampea ukizidisha na idadi ya mizunguko. Kwa hiyo mtu anajiambia: nikiongeza mizunguko maradufu, nguvu itaongezeka. Ingekuwa kweli kama ampea zingebaki pale pale. Hazibaki. Betri yako ni ile ile ya volti 12. Ukiongeza waya wa unene ule ule maradufu, umeongeza ukinzani maradufu, na ampea zimeshuka nusu. Nusu ya ampea mara mizunguko maradufu, umerudi ulipoanzia. Tena kwa hasara kidogo, maana mizunguko ya juu ni mirefu kuliko ya ndani. Ulichopata ni koili inayopoa zaidi na kula betri kidogo kuliko mwanzo, jambo ambalo si baya, lakini nguvu hujaongeza.

Ukitaka nguvu zaidi kwa betri ile ile, tumia waya mnene zaidi. Mafundi wanaosuka mota wanaujua ukweli huu kwa vidole vyao; mpelekee mmoja koili yako, ana waya wa shaba wenye vanishi wa kila unene, na mara nyingi vipande vinavyobaki anavitupa. Au punguza pengo. Kupunguza pengo ni bure, na tumeona faida yake ilivyo kubwa.

Joto nalo lina hadithi yake. Nilimuuliza msikilizaji huyu taima yake inafanyaje, akasema inawasha dakika 5, inazima dakika 5. Basi jibu tunalo. Tuseme koili yake ina omu 10. Kwenye volti 12 itachukua ampea 1.2, yaani wati 14.4. Wati 14 ndani ya kitu kinachoenea kiganjani, dakika 5 mfululizo, lazima kinuke. Lakini racheti haihitaji dakika 5. Inahitaji muda wa kuvuta tu, moja ya tano ya sekunde inatosha kabisa. Gurudumu la meno 24, jino moja kila dakika 5, linamaliza mzunguko ndani ya saa 2, kwa hiyo trei inatoka upande mmoja hadi mwingine kila saa moja, polepole, hatua ndogo ndogo, bila kuyatikisa mayai. Kwa siku ni mivuto 288. Kila mvuto unakula jouli zisizofika 3. Siku nzima ni jouli 830 hivi. Taa ya LED ya wati 5 inazimaliza hizo kabla ya dakika 3. Koili itabaki baridi kama meza iliyowekwa juu yake.

Hii ndiyo sababu nimesema wazo lake lilikuwa zuri. Racheti hukaa ilipo bila kulipia. Umeme ukikatika usiku, trei inabaki mahali ilipokuwa, haidondoki, haisahau imefika jino la ngapi. Ukikatika katikati ya mvuto, ulimi utasogeza lile jino lake au utarudi mtupu, kisha utatulia. Kwa mayai si kitu.

Njia za kupata umeme mfupi namna hiyo ni nyingi. Mwenye kikompyuta kama Arduino ataandika mistari michache ya programu. Asiye nayo atatumia saketi ya taima ya 555. Ila mimi ningeongeza kinga moja hata kwa mwenye programu: usiilishe koili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Weka kapasita kubwa, ijazwe polepole kupitia rezista, kisha imwage chaji yake kwenye koili kwa mpigo mmoja. Programu ikiganda swichi ikiwa imewashwa, kapasita inakwisha, na kinachobaki kupita ni umeme kidogo wa ile rezista. Nyumba haiungui kwa sababu ya kosa la mstari mmoja.

Na dayodi. Nitalisema hili kila mwaka mpaka nistaafu. Koili ikikatiwa umeme ghafla hulipiza kwa kutoa volti nyingi mno, kinyumenyume, kwa muda mfupi, na transista yako hufa bila kupiga kelele. Dayodi moja ya 1N4007, bei ya pipi chache, iwekwe sambamba na koili, ule upande wenye mstari ukielekea chanya. Inafanya sumaku ichelewe kidogo sana kuachia, lakini kwa kazi ya jino moja kila dakika 5 hakuna atakayeona.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na kugoma: umeme umekatwa, lakini chuma hakiachii. Hiyo ni sumaku iliyobaki ndani ya chuma. Ukitumia boliti ya chuma kigumu, kile cha kutengenezea zana, kinakumbuka usumaku. Chuma laini husahau haraka. Na hata chuma laini, visiachwe vigusane kabisa. Gundisha kipande chembamba cha shaba nyeupe au hata karatasi ngumu katikati, pengo dogo kabisa libaki. Mafundi wa rilei wamekuwa wakifanya hivyo siku zote.

Gurudumu lenyewe wengi wanalikata kwa plastiki ngumu au plaiwudi na msumeno wa chuma. Ni sawa, ila hakikisha upande uliosimama wa jino umesimama kweli, hata uinamie ndani kidogo, ili ulimi uvutwe kwenye mzizi wa jino badala ya kuteleza nje. Maseremala wana diski za msumeno wa mviringo zilizochakaa, meno yake karibu yanafaa yalivyo; zipige tupa makali yote kwanza, maana damu na umeme havipatani. Zina ubaya wa uzito, na kitu kizito kikianza kuzunguka hakisimami upesi.

Halafu urefu wa safari ya ulimi. Gurudumu la kipenyo cha milimita 60 lenye meno 24 lina nafasi ya karibu milimita 8 kutoka jino hadi jino. Ulimi urudi nyuma zaidi ya hapo, la sivyo hautaangukia jino linalofuata. Lakini usirudi milimita 16, utachukua mawili. Milimita 11 ni mahali pazuri. Weka vizuizi viwili, kimoja nyuma, kimoja mbele, na kile cha mbele kiwekwe mahali ambapo ulimi unaishia pale pale ule wa pili unapoanguka kwenye jino. Viwe skrubu, uweze kuvisogeza nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Milimita 11 ni safari ndefu kwa sumaku bapa, kwa hiyo tumia ile aina ambayo nondo fupi inazama ndani ya koili, kama hiyo ya mashine ya kufulia.

Kuna waliokwenda mbali zaidi na kuinyima sumaku hata kazi ya kuvuta. Miaka ya 1950, vijana wa Ulaya na Marekani waliorusha ndege ndogo za kuchezea zinazoongozwa kwa redio hawakuwa na betri za kubeba mota. Walinyonga ukanda wa mpira ndani ya ndege, ukawa unataka kuzungusha usukani wakati wote. Sumaku ndogo ilizuia tu. Bonyeza chini, sumaku inaachia robo mzunguko, usukani unakwenda kulia; achia, unarudi katikati; bonyeza tena, kushoto. Rubani alitakiwa kukumbuka alipofikia. Nguvu yote ilikuwa ya mpira. Sumaku ilikuwa bawabu. Kwa mtu anayetaka kufungua mlango wa banda la kuku asubuhi, au kudondosha chakula cha samaki, hiyo ndiyo njia ningemshauri: kining'inize kitu kizito, sumaku iachie jino moja.

Wapo watakaosema, haya yote ya nini wakati mota ya hatua ya printa iliyokufa inapatikana kwa fundi wa kompyuta? Ukihitaji kwenda mbele na kurudi nyuma, au kasi, chukua mota, sina ubishi. Lakini mota hiyo ikizimwa, mzigo unaweza kuirudisha; ikiachwa imewashwa ili ishike, inakula umeme saa 24. Na ikikosea hatua hakuna anayejua. Racheti ikikosea, utasikia.

Nami nimeileta moja hapa studio, fundi mitambo anisogezee maikrofoni. Sikilizeni.

Tak… to.

Mmesikia milio miwili. Wa kwanza mkali, ni sumaku imefika kwenye kizuizi. Wa pili mzito zaidi, ni springi imesogeza jino na ulimi wa pili umeanguka mahali pake. Sasa nalegeza springi.

Tak… tss.

Mlio wa pili umekuwa wa kukwaruza: ulimi umesimama njiani, haujafika. Na hii, nimesogeza kizuizi cha nyuma mbele mno: tak, kisha kimya. Ulimi haukuvuka jino, umerudi mtupu. Na ukisikia tak, to-to, ujue gurudumu limekimbia, kizuizi cha mbele kimelegea. Mwenye kifaa cha namna hii akae nacho chumba kimoja jioni moja, taa imezimwa, asikilize tu. Atakijua kuliko mwenye oskiloskopu.

Kwa ndugu yetu wa Morogoro, basi: springi yako na sumaku zibadilishane kazi, ongeza ulimi wa kuzuia, fupisha muda wa umeme, weka dayodi. Waya usiuguse kwanza. Trei ining'inie kwenye mhimili wa katikati ili upande mmoja ubebane na wa pili. Mayai 50 ni karibu kilo 3, lakini trei iliyosawazishwa huinama kwa kidole. Kisha weka kitufe cha kubonyeza sambamba na taima. Siku ya 18 ikifika, zima taima, bonyeza kitufe jino moja moja mpaka trei ilale sawa, ndipo uyahamishe mayai kwenye trei ya kuangulia.